SWALA HAIKUTUFELISHA, TUSIISINGIZIE



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya mwisho. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu.

Tunaoandika maneno haya ni wanafunzi wa chuo hapa Kampala. Wengine tumetoka Buyenzi mjini Bujumbura, wengine Nyamirambo ya Kigali, wengine Goma, na wengine ni wenyeji wa hapahapa Uganda. Baadhi yetu tulisoma sekondari kwa Kifaransa, wengine kwa Kiingereza, na lugha inayotukutanisha tukikaa kwenye mkeka mmoja ni Kiswahili. Tumeandika kwa pamoja kwa sababu kosa tunalotaka kulisema ni letu sote. Hakuna katika sisi wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Kisa chenyewe ni hiki. Matokeo ya muhula yalipotoka tulikaa baada ya swala ya Isha kwenye chumba kimoja cha hosteli, kila mtu na karatasi yake. Habari haikuwa nzuri. Wengi wetu tulikuwa na riteki, yaani somo la kurudia na kulilipia upya, na wapo waliokuwa na riteki mbili au tatu. Katika kimya kile ndugu mmoja akasema: "Jamani tuseme ukweli. Wenzetu hawana swala tano, hawana funga, hawana darsa. Sisi dini inatula muda." Mwingine akaitikia: "Hata hivyo ni qadar tu. Allah hakutaka."

Tunakiri kwamba usiku ule wengi wetu tuliitikia kwa kichwa. Leo tunaandika kuyakanusha maneno yale mawili, kwa sababu tumegundua kwamba hayakusemwa chumbani kwetu peke yake. Yanasemwa misikitini, majumbani na hata kwenye mabaraza ya wazee. Kijana akifeli, inatafutwa swala ya kubebeshwa mzigo, na swala ikikataa kuubeba, inaitwa qadar.

TUHESABU KWANZA, TULALAMIKE BAADAYE

Wiki moja yenye siku saba ina saa 168. Hizo Allah amempa Muislamu na asiyekuwa Muislamu, tajiri na maskini, mwenye kufaulu na mwenye kufeli. Hakuna aliyepewa 169.

Tuchukue mwanafunzi wa kawaida. Alale saa 7 kila usiku, hizo ni 49. Ahudhurie mihadhara saa 20 kwa wiki. Kula, kupika, kuoga na kufua tumpe saa 3 kila siku, jumla 21. Njiani, kwenye teksi na foleni za Kampala, tumpe saa 10. Sasa swala. Ukihesabu udhu, sunna na faradhi, tuseme dakika 15 kwa kila swala. Kwa siku ni dakika 75, kwa wiki ni saa 8 na dakika 45. Ongeza khutba ya Ijumaa, ziwe saa 10 kamili.

Jumlisha: 49, 20, 21, 10 na 10. Jawabu ni 110. Zimebaki saa 58! Akisoma mwenyewe saa mbili kwa kila saa moja ya mhadhara, atatumia 40, na bado zitabaki 18 za kumpigia mama simu, kucheza mpira na kumtembelea mgonjwa.

Basi tunamuuliza anayesema dini inamla muda: hizi saa 58 nani amezila?

Sisi tulijiuliza hivyo hivyo. Tukanunua daftari, na kwa wiki moja kila mmoja akaandika kila saa aliyoitumia, bila ya kudanganya, kwa sababu tulikubaliana kwamba Allah anatuona. Ilikuwa wiki ya aibu. Tuliwakamata wezi watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amevaa kanzu ya swala.

MWIZI WA KWANZA: SIMU

Hatukuwa na haja ya kukisia, maana simu yenyewe inaweka hesabu. Aliyetumia kidogo kuliko wote katika sisi alitumia saa 2 na nusu kwa siku. Aliyezidi alikaribia saa 6. Tukachukua saa 4 kuwa ndiyo kadiri yetu.

Saa 4 kwa siku ni saa 28 kwa wiki. Muhula wetu una wiki 17, yaani 15 za masomo na 2 za mitihani. Zidisha, utapata saa 476. Sasa kozi moja yenye uzito wa krediti 4 ina saa 60 za darasani, kwa sababu krediti moja huhesabiwa saa 15 kwa muhula. Kozi tano za namna hiyo ni saa 300. Kwa hiyo saa tulizompa TikTok, WhatsApp na mpira wa Ulaya zinazidi saa zote za mihadhara ya muhula mzima!

Wala tusijidanganye kwamba "mimi naangalia mawaidha tu." Baadhi yetu tulikuwa na hoja hiyo, na daftari likatuumbua. Mawaidha yalikuwa dakika 10, kisha kidole kikateleza, na saa nzima ikaenda kwenye vichekesho. Shekhe wa kwenye simu hana kosa. Kosa ni letu tuliomfanya mlango wa kuingilia kwingine.

Na hebu tulinganishe. Swala ya Adhuhuri ina mwanzo na ina salamu ya kumalizia. Ukitoa salamu, umemaliza, unanyanyuka. Simu haina salamu. Hapo ndipo utajua kipi kinamla mtu muda wake.

MWIZI WA PILI: VIKAO VYETU WENYEWE

Hapa tutawaudhi ndugu zetu, lakini haki isemwe. Sisi ni watu wa jumuiya. Tuna kamati ya Ramadhani, kamati ya safari, kamati ya kuwapokea wageni wa mwaka wa kwanza, kamati ya mapishi ya Idd. Zote ni kheri. Lakini kikao kikitangazwa saa 8 mchana, kinaanza saa 10. Wiki ile tuliyoandika daftari walikuwepo watu 25 wakisubiri. Watu 25 kwa saa 2 ni saa 50 za umma wa Muhammad (s.a.w) zilizomwagwa sakafuni kwa mchana mmoja, na aliyechelewesha akaingia akitabasamu na kusema, "Samahani, foleni."

Kuna na jambo zito zaidi. Wapo katika sisi wanaokimbilia kwenye shughuli za dini kwa kuogopa kitabu. Hisabati ikiwa ngumu, ghafla mtu anakuwa na hamu ya da'wah. Ukimkumbusha kazi ya darasani anakwambia, "Elimu ya dunia hii ndugu yangu, tutaiacha hapahapa." Subhanallah! Ada inayolipwa ni ya nani? Mzazi wako hakuuza mbuzi ili uje kuwa msemaji wa kamati. Amekutuma kusoma, na kutumwa na mzazi kwenye jambo la halali ni amana.

Tena tusiwasingizie wanachuoni wetu. Imam an-Nawawi, ambaye kitabu chake cha Riyadhus Swaalihin kimo karibu kila msikiti na hadithi zake Arubaini watoto huzisoma madrasa, alizaliwa mwaka 631 Hijria katika mji wa Nawa na akafariki mwaka 676. Miaka 45 tu! Mwanafunzi wake Ibn al-Attar amesimulia kwamba alipokuwa akisoma Damascus alikuwa na masomo 12 kwa siku kwa masheikh zake. Mtu yule alikuwa anaswali kuliko sisi na kufunga kuliko sisi. Mbona swala haikumnyima muda wa kusoma? Kwa sababu alikuwa anajua saa yake inakwenda wapi.

MWIZI WA TATU: NYUMBANI

Wazazi wetu, tunasema haya kwa adabu na tunaomba radhi mapema. Lakini tukiyaficha tutakuwa tumewadhulumu dada zetu.

Wenzetu wanaosoma huku wakiishi kwao walileta daftari tofauti na letu. Kijana wa kiume akirudi chuo anaambiwa, "Pumzika mwanangu, umechoka." Dada yake, anayesoma chuo hichohicho na aliyerudi kwa teksi hiyohiyo, anapewa ndoo. Aoshe vyombo, apike, amuogeshe mdogo wake, apige pasi nguo za kaka aliyekuwa "amechoka". Anafungua kitabu saa 4 usiku, na saa 5 analala juu yake. Dada mmoja aliandika saa 31 za kazi za nyumbani kwa wiki moja. Kaka yake aliandika 3.

Halafu matokeo yakitoka, kaka amefaulu na dada ana riteki, watu wanasema, "Unaona? Wasichana akili zao si za chuo, tumuozeni." Huu ni uongo mbele ya Allah. Msichana yule hakushindwa na kitabu. Hakupewa saa za kukifungua.

Na Ramadhani ndiyo kabisa. Mwezi wa Qur'an tumeugeuza kuwa mwezi wa jikoni. Futari ya nyumba moja lazima iwe na uji, viazi, sambusa, kaimati, maharage na juisi aina mbili, na yote hayo yako juu ya mabega ya binti ambaye kesho yake ana mtihani saa 3 asubuhi. Mtume wetu (s.a.w) alikuwa akifuturu kwa tende, na asipopata, kwa maji. Sisi tunafuturu kwa mitihani ya binti zetu.

Kisha kuna harusi. Tunazipenda. Lakini kumtoa mwanafunzi Kampala mpaka Bujumbura kwa basi, akose wiki nzima ya masomo kwa ajili ya harusi ya mtoto wa jirani wa shangazi, kisha aambiwe "usipokuja utakuwa umekata udugu", hiyo si sila ya rahim. Udugu haukatwi na mtu aliyepiga simu, akaomba dua na kutuma zawadi. Wazazi wetu, mtoto ambaye hamumtoi dukani siku ya biashara nzito, msimtoe chuoni wiki ya mtihani.

HII NDIYO MIZANI YA CHUO

Pengine mzazi atasema, "Muhula mmoja tu, si atarekebisha mbele?" Tuwaeleze jinsi mizani hii inavyopima, kwa sababu wazazi wengi hawajawahi kuelezwa.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vingi vya Uganda, alama hujumlishwa muhula kwa muhula na kupimwa kwa kipimo cha mwisho 5. Anayemaliza na 4.40 au zaidi anapata daraja la kwanza. Kuanzia 3.60 mpaka 4.39 ni daraja la pili la juu. Kuanzia 2.80 mpaka 3.59 ni daraja la pili la chini, na kuanzia 2.00 mpaka 2.79 ni kufaulu kwa kawaida. Wanaotafuta nafasi ya kuendelea na shahada ya pili, au ufadhili, au kazi nzuri, mara nyingi huulizwa lile daraja la pili la juu.

Sasa chukua digrii ya miaka mitatu, mihula sita yenye uzito sawa. Mwanafunzi anayetaka 3.60 akipata 2.50 muhula wa kwanza, itabidi apate wastani wa 3.82 katika mihula mitano iliyobaki. Inawezekana. Akilegea mihula miwili, anahitaji 4.15. Ni ngumu, lakini wapo walioweza. Akilegea mitatu, anahitaji 4.70, yaani awe na daraja la kwanza la juu kabisa kila muhula mpaka amalize. Na akilegea minne anahitaji 5.80, na mizani inaishia 5! Hata akeshe, hata asomewe dua na msikiti mzima, mlango ule umefungwa.

Huu ndio undani wa neno "nitarekebisha mbele." Kila muhula unaopita, bei inapanda. Wale katika sisi tuliotoka shule za Kifaransa tuna mtihani wa ziada, maana muhula wa kwanza tunapigana na Kiingereza kabla ya kupigana na somo. Huo ni udhuru wa kweli. Lakini dawa ya udhuru huo ni muda mwingi zaidi wa kusoma, siyo mchache.

NA HILI NENO LA QADAR

Tunaamini qadar, kheri yake na shari yake. Hiyo ni nguzo ya imani na hatuichezei. Lakini Umar ibn al-Khattab (r.a) alipokuwa njiani kuelekea Sham na akaambiwa kuna tauni, aliwarudisha watu. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah. Umar hakuingia kwenye tauni kisha akasema "imeandikwa." Sisi tunaingia kwenye chumba cha mtihani bila ya kusoma, tunatoka na sifuri, kisha tunaiandikia qadar.

Ndugu zetu, Allah (s.w.t) ameapa kwa zama katika Suratul-Asr, sura ya 103 yenye aya tatu tu, ambayo tumeihifadhi toka utotoni na tunaisoma haraka haraka ili swala iishe. Na Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba mja ataulizwa juu ya umri wake aliutumia katika lipi. Ataulizwa. Anayeulizwa ni mtu aliyekuwa na hiari. Kama yote ni qadar tu, swali lingekuwa la nini?

MWENZETU ALIYEONDOKA

Tulikuwa na mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, na tumemuomba ruhusa ya kuyasema haya. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nzuri ya adhana, wa kwanza kwenye kila kamati. Alifeli muhula wa kwanza, akapewa onyo. Akafeli wa pili, akapewa onyo. Baada ya onyo la tatu mfululizo aliondolewa chuoni, kama kanuni inavyosema. Kwa miezi kadhaa aliendelea kukaa mjini akimwambia mama yake kwamba anasoma.

Mama yule anauza nguo za mitumba sokoni. Ada alikuwa akiituma kwa simu, kidogo kidogo, leo shilingi hizi, wiki ijayo hizi. Siku kijana alipokwenda nyumbani kumwambia ukweli, mama hakugomba. Alimuuliza tu, "Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Swali lile alitusimulia yeye mwenyewe, na limetukaa. Kwa sababu alikuwa na sisi. Alikuwa chumbani kwetu, kwenye vikao vyetu, kwenye mechi za usiku tulizozitazama pamoja. Tulikuwa tunamwamsha kwa swala ya Alfajiri, alhamdulillah, lakini baada ya swala wote tulirudi kulala, naye akalala. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Kazi ya darasani umekabidhi?" Tulidhani kuulizana habari za masomo si kazi ya udugu wa Kiislamu. Tulikosea, na tunamuomba Allah msamaha.

SWALA NDIYO RATIBA YENYEWE

Sasa tuseme tulilolifanya, huenda likamfaa mwengine.

Anayesema swala inavuruga ratiba hajaitazama vizuri. Sisi wa hapa Allah ametujaalia kukaa karibu na mstari wa ikweta. London wakati wa kiangazi Maghribi inaingia baada ya saa 3 usiku, na wakati wa baridi inaingia kabla ya saa 10 jioni. Ndugu zetu wa huko hubadilisha ratiba yao mwaka mzima. Kampala, mwaka mzima, Alfajiri inaingia baada ya saa 11, Adhuhuri inakaribia saa 7 mchana, Alasiri karibu na saa 10, Maghribi baina ya saa 12 na nusu na saa 1, Isha karibu na saa 2. Tofauti ni ya nusu saa hivi. Ratiba ya siku tumepewa bure, tena imegawanywa mafungu matano!

Basi tukapatana mambo manne.

Kwanza, hakuna kurudi kulala baada ya Alfajiri. Mpaka saa 1 asubuhi ni wakati wa somo gumu kuliko yote. Hakuna anayepiga simu saa hiyo, hata mitandao imelala.

Pili, baina ya Maghribi na Isha kila mmoja anapitia mihadhara ya siku hiyohiyo. Ni saa moja na dakika chache. Simu zote zinaingia kwenye kapu moja, na kapu analishika aliyeadhini.

Tatu, kikao cha jumuiya kinaanza wakati uliotangazwa, hata wakiwa watatu, na hakizidi dakika 45. Kuanzia wiki ya 13 ya muhula hakuna kikao cha kamati yoyote mpaka mitihani imalizike. Tulitabiriwa kwamba jumuiya itakufa. Haikufa. Waliokuwa wanaogopa vikao virefu ndio wameanza kuja.

Nne, kila mmoja anapeleka ratiba ya mitihani nyumbani kwao, na tunawaomba wazazi waibandike ukutani jikoni. Dada yetu wa saa 31 aliibandika mwenyewe. Baba yake aliitazama siku mbili bila ya kusema kitu, siku ya tatu akamwita kaka mtu na kumkabidhi vyombo. Jazakallahu khayra, mzee wetu. Tungependa kila baba awe kama wewe.

Hatujawa malaika. Muhula uliofuata wapo waliopanda vizuri, wapo waliopanda kidogo, na mmoja wetu bado ana riteki yake. Lakini hakuna tena anayeisingizia swala, kwa sababu tulipoanza kuilinda swala kwa wakati wake, ndiyo ikatulindia na kitabu.

MANENO YA MWISHO

Waislamu wa nchi hii hawakuikuta elimu mezani. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliogopa mwanawe atabadilishwa jina na dini. Wazee wetu wakaunda Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda mwaka 1944. Mwanamfalme Badru Kakungulu akatoa ardhi yake ya Kibuli, panaposimama leo msikiti na shule. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafungua milango yake Mbale. Walitoa ardhi, walitoa mali, na wengine walitoa umri wao ili mtoto wa Kiislamu apate kiti darasani.

Kiti wametupa. Saa za kukikalia hakuna mzee anayeweza kutukalia.

Basi wanafunzi wenzetu, chukueni daftari. Wiki moja tu, andikeni kweli. Viongozi wa jumuiya, anzeni vikao kwa wakati, maana muda wa watu ni mali yao kama pesa zilizo mifukoni mwao. Na nyinyi wazazi wetu, mnapouliza habari za mtoto msiishie kwenye "Unaswali?" Hilo ulizeni, na Allah awalipe. Kisha ongezeni la pili: "Leo umesoma saa ngapi?" Na kama ni binti, ulizeni la tatu: "Sisi tumekuachia saa ngapi?"

Tunamuomba Allah (s.w.t) aubariki wakati wetu, awarehemu wazee waliotutangulia, ampe mwenzetu aliyeondoka mlango mwengine wa kheri, na atujaalie tuwe miongoni mwa watakaoulizwa juu ya umri wao wakapata la kujibu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.